Kapteni Umeme Aomba Radhi

Ipo nchi inaitwa Shwari. Msinisumbue iko upande gani wa ramani. Ninachojua mimi ni kwamba mipaka yake inalindwa vizuri na ndani yake hakuna tatizo. Hili la kutokuwa na tatizo si maneno yangu. Ni sheria, ilipitishwa bungeni kwa vifijo. Mtu akionekana hadharani akiwa na tatizo hutozwa faini, hapo akawa na tatizo la pili, ambalo nalo haruhusiwi kuwa nalo. Mkuu wa nchi huitwa Mtulivu Mkuu, na wote walio chini yake hutulia kwa kadiri ya vyeo vyao.

Katika nchi hiyo alikuwako Sihaba, fundi wa vikaragosi, mwanamke wa vidole vyembamba na ulimi usiopumzika. Yeye na mumewe, Machano, walikuwa wakitengeneza mchezo wa televisheni katika banda nyuma ya nyumba yao. Kazi yenyewe ni ya kichaa. Unafinyanga mtu wa udongo juu ya mifupa ya waya, unamsimamisha mezani, unamsogeza mkono kiasi cha unywele, unapiga picha. Unamsogeza tena unywele mwingine, unapiga picha. Picha zikishakuwa maelfu unazikimbiza pamoja, na yule mtu wa udongo anainuka, anakohoa, anatukana. Kutwa nzima ya kuinamia meza huzaa kicheko cha kufumba na kufumbua. Sihaba alifinyanga na kusogeza. Machano, aliyekuwa na koo la kuigiza kila kiumbe kuanzia waziri mpaka beberu, alitia sauti zote.

Mchezo wao uliitwa Mashujaa wa Zamu. Ulionyeshwa watoto wakishalala, kwa kuwa mashujaa wenyewe walikuwa walevi, wazinzi na wagomvi wasiofaa kuigwa na mtoto wa mtu. Palikuwa na Bi Kipanga, aliyejaliwa kuruka angani, ila hakuwahi kuruka kwenda mahali pasipokuwa na semina. Palikuwa na Asiyeonekana, ambaye kwa kipaji hicho hakuwa ameonekana ofisini tangu aajiriwe, ijapokuwa mshahara wake ulionekana kila mwezi. Na mkubwa wao alikuwa Kapteni Umeme, mwenye kitambi na joho la manjano. Huyu angeweza kuwasha mji mzima kwa kidole kimoja, lakini kidole chenyewe kilikuwa kwenye mgao.

Washwari walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakubwa nao walicheka, kila mmoja akiamini anayechekwa ni mwenzake. Baadaye maofisa wanne walilalamika Wizara ya Utulivu na Burudani kwamba Asiyeonekana ni wao. Wa tano hakulalamika, kwa sababu siku hiyo pia hakufika kazini.

*

Haya yote yangevumilika. Kilichomwaga unga ni wodi ya wazazi.

Alasiri moja hospitali kuu ya mji ilikatika umeme. Jenereta lilikuwapo, lilizinduliwa na mawaziri watatu kwa utepe na keki, lakini siku lilipohitajiwa iligundulika kwamba halina injini. Watoto njiti waliokuwa kwenye mashine hawakuiona magharibi. Serikali ikatoa taarifa kwamba watoto hao hawakufa, ila wameahirisha kuzaliwa, na ikawapongeza akina mama kwa utulivu wao. Mimi ni msimulizi tu, lakini taarifa ile niliposomewa nilitema mate chini, na sikuyafukia.

Sihaba na Machano walitengeneza sehemu mpya. Kapteni Umeme anaitwa wodini. Anasema anakuja. Njiani anaona bango la warsha, Mbinu za Kufika kwa Wakati, anaingia, anapewa begi na kalamu, anakula mchana, anapiga picha ya pamoja. Anapofika wodini akina mama wanafunga vitu vyao kwenye kanga. Kapteni anapanda juu ya kiti na kuwahutubia: "Wapendwa, giza hili ni la muda. Hata mwanga ulikuwa wa muda, na hamkulalamika." Basi, mchezo ukaisha hapo. Usiku ule Shwari nzima haikucheka, na Serikali, ambayo haikuwahi kuogopa kicheko, ikaogopa.

Asubuhi Inspekta wa polisi alikuja na magari mawili.

"Yuko wapi huyu Kapteni?" akauliza.

Sihaba akamwonyesha kwa kidevu. Kapteni Umeme alikuwa mezani, kimo chake hakizidi chupa ya soda. Inspekta alimsomea mashtaka yake kwa sauti, akamtia pingu, pingu zikaanguka. Akamtia tena, zikaanguka. Mwishowe askari mmoja wa kike akavua mpira wa kufungia nywele zake, wakamfunga Kapteni mikono kwa nyuma na kumkalisha kiti cha nyuma cha gari, kati ya askari wawili wenye silaha. Hata hawakufika mbali. Gari liligeuza, Inspekta akashuka tena akiwa amekasirika.

"Kikaragosi hiki hakina koo," alisema. "Nani aliyesema yale maneno?"

Machano alikuwa anakunywa chai. "Mimi," akasema. "Afande, ngoja nimalize kikombe."

Hawakungoja. Sihaba akawafuata mpaka kwenye gari akipiga bodi kwa kiganja. "Na mimi je? Mikono yangu ndiyo iliyomsogeza! Nikamateni na mimi!"

"Mama," Inspekta alimjibu kwa upole mkubwa, "katika Shwari mikono haina kosa. Mikono hufuata amri. Tukianza kukamata mikono, atabaki nani?"

*

Sihaba alizunguka kumtafuta mumewe. Kituo cha polisi walimwambia yuko gerezani, gerezani wakamwambia aulize hospitali, hospitali wakamwambia wao hawapokei watu wasio na tatizo. Akaishia Wizarani, kwa Katibu Mkuu aitwaye Lufunyo, mtu mwenye mashavu yanayong'aa na tabia ya kumwita kila mtu shemeji ili amkatae kwa mapenzi.

"Shemeji yangu, karibu, keti. Mumeo hajakamatwa. Amehifadhiwa."

"Kama samaki?"

"Ha! Ndiyo maana tunawapenda wasanii." Lufunyo alicheka, kisha akakunja uso kama anayekunja leso. "Sikiliza, shemeji. Mtulivu Mkuu ni mzazi. Hataki kumwadhibu mtu. Anachotaka ni Kapteni Umeme aliombe taifa radhi, kwa kinywa chake na kwa sauti yake ile ile, Siku ya Utulivu, mbele ya watu wote. Sauti tumeshairekodi, mumeo ametusaidia vizuri sana. Wewe utafanya midomo. Kapteni akishaomba radhi, Machano anarudi nyumbani."

"Nimwone kwanza."

"Utamwona akirudi."

"Mniapie."

"Shemeji, mimi ni Serikali. Serikali haiapi, hutoa tamko." Na papo hapo akasimama, akatoa tamko.

Kwa hiyo Sihaba alikubali. Msimlaumu. Mwenye mumewe mikononi mwa watu wale hana pa kurushia tusi, na Sihaba alimpenda Machano kwa mapenzi ya kugombana kila siku.

Ila Wizara haikumwamini. Iliwahi kutokea, zamani kidogo, Bi Kipanga akamkonyeza mtazamaji wakati wimbo wa taifa ukipigwa, na lile konyezo lilikuwa bado linachunguzwa. Safari hii ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kusimamia Kinywa, mwenyekiti Lufunyo mwenyewe. Wajumbe wakaja bandani na viti vyao, chupa zao za chai na feni yao. Agizo lilisomwa wote wakiwa wamesimama: mdomo wa kikaragosi utafuata sauti iliyorekodiwa bila kuongeza wala kupunguza, kila neno na kila pumzi, na fundi atakayeongeza au kupunguza atahesabiwa kuwa amempinga Mtulivu Mkuu.

Kulikuwa na agizo la pili, nalo ni la itifaki. Katika Shwari hakuna anayeruhusiwa kuona jambo la taifa kabla Mtulivu Mkuu hajaliona. Kamati basi ingepitisha kila picha moja moja, kwa kura, lakini ilikuwa marufuku kuzikimbiza zote pamoja. Atakayeziona zikikimbia kwa mara ya kwanza ni Mtulivu Mkuu, na taifa lake nyuma yake.

*

Katika kazi hii sauti hutangulia. Fundi huikata vipande vidogo vidogo, akasikiliza kila kipande peke yake, arudie, arudie tena, mpaka ajue midomo inafumba wapi na inafumbuka wapi. Kwa kila sauti Sihaba alikuwa na mdomo wake wa udongo, mdogo kama ukucha: anaubandika usoni mwa Kapteni, anapiga picha, anaubandua, anabandika mwingine.

Akavaa hedifoni. Ukiisikiliza ile rekodi kama wasikilizavyo watu, ilikuwa ni sauti ya Machano, imechoka kidogo, basi. "Mimi, Kapteni Umeme, naliomba radhi taifa langu." Kamati iliisikia hivyo ikaridhika. Lakini Sihaba alipoanza kuikata, akasikia kitu kingine. Penye "mi" midomo ya mumewe haikukutana. Penye "ba" haikukutana tena. Hewa ilipitia pembeni, kama kwa mtu ambaye mdomo wa chini umevimba haufungiki. Kila penye "s" palikuwa na mluzi. Machano alikuwa na meno ya mbele makubwa aliyoyaringia, akiyafungulia chupa za soda mbele ya wageni na Sihaba akimgombeza. Meno yale hayakuwamo tena katika sauti. Na kabla ya neno "nilidanganya" kulikuwa na pumzi iliyokatwa ghafla, pumzi ya mtu anayeona mkono wa mwenzake ukiinuliwa. Ndipo likafuata hilo neno.

Sihaba alikaa na hedifoni zile masikioni, pindo la kanga kalitia mdomoni, akaling'ata mpaka likatoboka. Alikasirika. Huzuni ilikuja baadaye, na hofu nayo, lakini kilichotangulia kilikuwa ni hasira, ya kutaka kuvunja feni yao na viti vyao na mashavu yao yanayong'aa. Nyuma yake Kamati ilikuwa inajadili kama Kapteni ashike kifua kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Upande wa kushoto ulionekana na wengi kuwa wa upinzani.

Akanawa uso. Akachukua udongo, akafinyanga seti mpya ya midomo: mdomo wa chini umefura, umepasuka pembeni, na ndani yake juu, penye meno ya mbele, pengo.

Injinia mmoja wa barabara, mjumbe wa Kamati, aliinua mdomo mmoja kwenye kiganja na kuutazama kwa makini.

"Mama, mbona huyu hana meno?"

"Mheshimiwa, sauti haina meno hayo," Sihaba akasema. "Niyaongeze?"

Injinia akamtazama Lufunyo. Lufunyo akatazama chai yake. Kila mmoja pale ndani alijua kwa nini sauti haina meno, na kila mmoja alikumbuka agizo alilolisikiliza akiwa amesimama.

"Usiongeze kitu," Lufunyo alisema taratibu. "Agizo ni bila kuongeza."

"Na hii pumzi hapa, kabla ya 'nilidanganya'? Mwili unashtuka. Niipunguze?"

"Usipunguze. Wanaounga mkono?"

Mikono yote ikainuka.

Kazi ikaenda hivyo, picha baada ya picha, kura baada ya kura. Picha moja peke yake haina ushahidi. Ni kikaragosi cha udongo kimesimama. Walizipitisha zote. Jambo moja tu liliwaponyoka, nalo ni la chai. Lufunyo alikuwa na mazoea ya kuweka sambusa yake mezani, kando ya mguu wa Kapteni, akiimega kidogo baina ya kura na kura. Sihaba aliiona, lakini sambusa ya Katibu Mkuu haiondolewi na mtu wa cheo cha chini, na wa cheo cha juu hakuwapo.

*

Siku ya Utulivu, adhuhuri, Ukumbi wa Taifa ulijaa. Mtulivu Mkuu aliketi mbele kwenye kiti kinachokaribia kuwa kitanda. Waliokosa nafasi walitazama kwenye televisheni majumbani na vinyozini, maana siku hiyo kutotazama kulihitaji kibali. Sihaba alikaa nyuma kabisa, mlangoni, amevaa gauni alilonunuliwa na Machano. Aliambiwa akishatoka hapo mumewe atakuwa anamngoja nje.

Taa zikazimwa. Kapteni Umeme akatokea, joho limempwaya, kichwa chini. Kando ya mguu wake ikazuka sambusa. Kapteni akiinua mkono, sambusa ikapungua pembe. Akishika kifua, upande wa kulia kama ilivyoamuliwa, sambusa ikapungua tena, ikawa nusu, ikawa makombo, ikatoweka. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtulivu Mkuu mwenyewe alicheka akimuuliza msaidizi wake maana ya sambusa ile, na msaidizi akajibu kwamba inawakilisha ustawi.

Kisha Kapteni akaanza kusema.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilianza kupungua mbele, kwa walioona vizuri, kikarudi nyuma safu kwa safu. Mdomo ule uliofura ulihangaika kufumba na haukufumba. Pengo likaonekana, likaonekana tena, na mluzi ukalifuata kila lilipoonekana. "Nilisema kwamba watoto..." Hapo Kapteni Umeme, shujaa wa kitambi, alishtuka mwili mzima na kukunja bega kukinga uso, ilhali mbele yake hakuna mtu. "Nilidanganya," akasema.

Katika ukumbi ule wa watu maelfu ilisikika sauti ya bibi mmoja, si ya kupiga kelele, ya kuongea na nafsi yake tu.

"Wamempiga."

"Wamempiga mtoto wa watu," akasema mwingine.

Likapita neno hilo kutoka kiti hadi kiti. Mtulivu Mkuu, ambaye masikio yake yamezoea vifijo tu, alikuwa bado anapiga makofi kwa furaha ya kuombwa radhi. Alipiga peke yake kwa muda mrefu.

Sihaba alitoka nje mbio. Alizunguka ukumbi wote, mlango kwa mlango, akiita jina la mumewe. Nje palikuwa na magari ya wakubwa na madereva wao waliolala.

*

Kesho yake Waziri wa Utulivu na Burudani aliita waandishi wa habari. Alisema yale yaliyoonekana yalikuwa hitilafu ya udongo. Alisema Machano ni mzima wa afya, amenenepa, anakula kuku, meno yake yote yamo na mengine yanaendelea kuota. Na ili kuwanyamazisha wazushi, Ijumaa Machano angeonekana kwenye televisheni akilihutubia taifa yeye mwenyewe.

Sihaba aliisikia redioni. Hakutaka kuamini, na akaamini. Moyo wa mtu hauna adabu. Alifua shati la Machano la mistari, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni. Akanunua kuku wa kienyeji asije akasema kule alipotoka alilishwa vizuri kuliko kwake.

Alhamisi asubuhi gari la Wizara lilisimama mbele ya nyumba. Sihaba akatoka mbio, kanga inamdondoka. Alishuka Lufunyo. Nyuma yake vijana wawili walishusha magunia ya udongo, udongo mweupe mlaini wa kutoka nje, ambao Sihaba aliuomba miaka mingi na kuambiwa hakuna fungu.

"Shemeji," Lufunyo alisema. Mashavu yake siku hiyo hayakung'aa. "Tuna kazi ya haraka. Kikaragosi cha kimo cha mtu mzima. Kichwa na mabega tu, atakuwa ameketi. Kiwe tayari kesho."

"Cha nani?"

Lufunyo alitoa leso akajifuta shingo. "Sura yake unaijua wewe kuliko mtu yeyote. Meno yote yawemo. Sauti tutaunganisha kwenye zile za zamani, zipo nyingi."

Sihaba alisimama pale nje akayatazama yale magunia, moja baada ya jingine, kama anayetafuta mume wake yuko katika lipi.

"Lini?" akauliza.

"Shemeji, mimi nilikuta..."

"Nakuuliza lini, Lufunyo!"

"Kabla. Kabla hujaanza midomo."

"Kwa hiyo mlikaa humu, mkanywa chai, mkanipigia kura mimi nimfinyange maiti."

Lufunyo aliikunja leso yake, akaikunjua.

"Nipeni nimzike," Sihaba akasema.

"Hilo lina kamati yake, shemeji. Haijateuliwa bado."

Sihaba akamtemea mate usoni. Lufunyo alijifuta kwa leso ile ile, akarudi garini bila kutoa tamko.

Sihaba akaingia ndani, akatoka na mkeka. Akautandika barabarani mbele ya mlango wake, hadharani, saa za watu kwenda sokoni. Akavua viatu, akajitanda kanga, akakaa. Kisha akalia kwa sauti, kilio kile cha mfiwa ambacho hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke asiyekijua.

Jirani alitoka na ufagio mkononi. "Kuna nini, mwanangu?"

"Msiba."

"Wa nani?"

"Wa Machano."

Jirani akaenda kuleta mkeka wake. Kinyozi akafunga duka akaja na benchi la kukalia. Mmoja akaleta mchele, mwingine sufuria, mwingine kuni. Watu wakaja kutoka mitaa ambayo Sihaba hakuwahi kufika, wakavua viatu, wakampa mkono wa pole, wakakaa. Mchana ulipofika mikeka ilikuwa imeziba njia, na magari ya wakubwa yakalazimika kuzunguka mbali.

Polisi wakaja. Ofisa wao alisimama juu ya gari na kipaza sauti.

"Mkusanyiko huu si halali! Serikali haina taarifa ya kifo chochote. Machano hajafa!"

Sihaba akainua uso. "Hajafa?"

"Hajafa!"

"Basi mleteni."

Na waliokuwa mikekani, wanaume na wanawake, wakasema pamoja bila kupanga: "Mleteni."

Ofisa alishusha kipaza sauti, akasubiri amri, na amri haikuja, kwa kuwa hakuna aliyejua amri ya kuita maiti aje. Ijumaa ilipita bila hotuba. Matanga huwa ya siku chache, kisha watu huanua, hukunja mikeka, wakaenda kwao. Haya ya Machano hayajaanuliwa mpaka leo. Wizara imeyaandikisha kuwa ni tamasha la burudani. Kila asubuhi gari la polisi huja kuwatangazia wafiwa kwamba hawajafiwa, na kila asubuhi, kabla kipaza sauti hakijashushwa, barabara nzima hujibu neno lile moja.

Mleteni.